Bomba la inchi tatu pale Hendon

Mimi ni fundi bomba. Kazi nilianzia Tanga, sasa naifanya London. Ndiyo maana mbele ya RP-3, roketi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ambayo ndege za Uingereza zilifyatua, kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza pale Hendon, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mwili wake. Ni bomba la chuma la inchi tatu. Limekamatwa kwa bendi za chuma, ndugu wa zile tunazofungia bomba ukutani. Hizo ndizo zilizoishika roketi kwenye reli chini ya bawa la ndege. Nyuma kuna mapezi manne ya bati na waya mfupi. Rubani akibonyeza kitufe, umeme unapita kwenye waya huo, kordaiti ya ndani, yaani baruti ya kuisukuma, inashika moto, roketi inaondoka. Mbele, kichwa cha ratili 60, yaani kilo 27 hivi, kinene kuliko mwili wenyewe.

Ikishaondoka, basi. Haina usukani wala kitu cha kuiongoza. Kordaiti inaungua upesi, ikiisha roketi inaanza kushuka na upepo unaipeleka pembeni. Kulenga kote kulikuwa juu ya rubani. Ndege ya kivita ya Typhoon ilibeba roketi nane, nne kila bawa; kijana wa watu anaishusha kichwa chini huku anapigwa risasi kutoka ardhini, anakisia umbali, pembe na upepo, kisha anafyatua mbili mbili au zote kwa mkupuo. Nawaheshimu sana vijana wale.

Kukosa kulikuwa kwingi. Baada ya mapigano ya Mortain, Ufaransa, Agosti 1944, wakaguzi wa Uingereza walipita uwanjani wakichunguza mabaki ya vifaru vya Wajerumani. Vilivyoharibiwa na roketi vilikuwa vichache mno kuliko marubani walivyoripoti. Ila walikuta pia vifaru vizima, wenyewe wamevitelekeza. Kishindo kile hakikuhitaji kulenga sawasawa.

Baharini walitumia kichwa kingine cha ratili 25, chuma kitupu bila baruti, kazi yake kutoboa tu. Mei 23, 1943, ndege ya Swordfish kutoka HMS Archer, manowari ya kubebea ndege, iliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-752 kwa roketi hizi.

Lakini mimi habari ya RP-3 siwezi kuiishia mwaka 1945. Mke wangu ni Mzanzibari mwenye asili ya Nizwa, Oman. Julai 1957, katika vita vya Imamu Ghalib bin Ali na Sultani Said bin Taimur, ndege za kivita za Venom za Uingereza, upande wa Sultani, zilifyatua roketi hizihizi kwenye ngome za bara la Oman, ya Nizwa ikiwemo. Mnara wa Nizwa, aliojenga Imamu Sultan bin Seif karne ya 17, umeshindiliwa mawe na udongo hadi karibu nusu ya kimo chake. Roketi hazikuuangusha. Tanuf, kijiji cha jirani, kilipigwa kutoka angani katika vita hivyohivyo na magofu yake yapo mpaka leo. Mambo haya kwa wakwe zangu bado yanasimuliwa kwa majina ya watu na nyumba zao.

Mama mkwe akija London nitampeleka Hendon. Ameshasema anataka kuiona kwa macho yake.