Nilivyobadilisha kishikio cha mlango wa friji mwenyewe

Kishikio cha friji yetu kilivunjika mguu wa chini, pale kinapokutana na mlango. Mguu wa juu ulibaki umeshika, kwa hiyo kwa muda tuliishi na kishikio kinachoning'inia, kila mtu akifungua kwa kupenyeza vidole pembeni, kwenye mpira. Hapo ndipo nikaona jambo hili halingoji. Kishikio chenyewe si kitu, lakini mpira wa mlango ukivutwa upande mmoja kila siku unalegea, baridi inavuja, na mota inakosa kupumzika.

Habari za gundi sikutaka hata kuzisikia, ingawa nyumbani kila mtu alikuwa nayo mdomoni. Gundi kali inashika vizuri plastiki iliyotulia. Kishikio hakitulii: kinavutwa, kinapindwa, tena na mikono yenye maji, na nguvu yote inaishia pale pale kwenye ufa.

Na nguvu yenyewe si ndogo. Ukifungua friji, hewa ya joto inaingia. Ukifunga, hewa hiyo inapoa na kusinyaa, kwa hiyo mgandamizo wa ndani unashuka na hewa ya nje inaukandamiza mlango. Ndiyo maana ukisahau kitu ukarudi kufungua papo hapo, mlango unakuwa mzito ajabu, hasa wa friza. Ukisubiri kidogo, hewa inapenya taratibu na mlango unarudi kuwa mwepesi. Sasa watoto hawasubiri. Wanaweka mguu, wanavuta.

Kazi niliianza kwa kutafuta namba ya modeli. Kwetu iko kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ndani, karibu na droo ya mboga. Friji nyingine wanaibandika nyuma. Niliinakili yote, pamoja na zile herufi za mwisho ambazo mtu huona hazina maana, kwa sababu friji mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana vishikio. Kisha nikampigia fundi tuliyezoeana, nikamwambia namtumia picha.

"Kaka, picha haitanisaidia," akasema. "Nipimie kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu, uje na vipimo."

Kupima kwa tepu juu ya mlango uliobinuka kidogo kunadanganya. Nilichofanya, nilitoa kishikio kizima kwanza, nikabandika karatasi juu ya matundu na kusugua na ubavu wa penseli mpaka kingo za matundu zikajichora zenyewe. Karatasi hiyo ndiyo niliyotembea nayo kutafuta kishikio kipya. Jambo la pili la kuangalia ni tumbo la mguu wa kishikio, yaani upande unaolalia mlango. Mlango wangu una mbinuko, na mguu uliokatwa bapa ungeacha uwazi. Ukikaza skrubu ili kuuziba uwazi huo, plastiki inapasuka kabla hujaifurahia. Vile vishikio vinavyosemwa kuwa vinaingia friji zote mimi siviamini, labda kwa mlango ulionyooka kabisa.

Kukitoa cha zamani kulikuwa na vituko vyake. Skrubu hazionekani, zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki vyenye rangi ya kishikio. Kila kifuniko kina mkato mwembamba upande mmoja. Nilizungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye ncha ya bisibisi bapa ili isikwaruze rangi, nikaichomeka kwenye mkato, nikabinua, kifuniko kikatoka. Kama yako haina vifuniko kabisa, chungulia ubavu wa mguu wa kishikio, upande unaotazama bawaba: huenda kuna kitundu chenye skrubu isiyo na kichwa, ambayo inafunguliwa kwa kile kifunguo chenye umbo la L na ncha ya pembe sita. Hiyo huhitaji kuitoa yote. Unailegeza tu, kishikio kinachomoka kwenye vijiti vilivyobaki mlangoni.

Skrubu za juu zilitoka bila ubishi. Za chini, moja ilikuwa na kutu na alama ya nyota kichwani imelika, bisibisi inazunguka bure. Nikaweka kipande cha mpira wa kufungia noti kati ya bisibisi na skrubu, nikakandamiza kwa uzito wa bega huku nikizungusha polepole. Mpira ukajaza pale palipolika, skrubu ikalia, ikakubali. Ingekataa, ningeishika kichwa kwa plaizi, maana mguu ulikuwa umeshavunjika na kichwa kilikuwa wazi.

Tundu la skrubu hiyo ndilo lililonipa kazi. Lilikuwa limepanuka, skrubu ya kawaida ikiingia inazunguka tu bila kuuma. Ushauri unaosikika sana ni kuweka skrubu ndefu zaidi. Kwa mlango wa friji sikuutaka. Nyuma ya bamba la nje kuna povu gumu la kuzuia joto, halafu plastiki ya ndani yenye rafu za mayai na chupa. Povu halishiki skrubu, na ikizidi urefu ncha inaweza kutokeza upande wa pili. Mlango wenye bomba la maji au kioo cha kubonyezea ndio mbaya zaidi, kwa sababu kuna nyaya ndani. Niliingiza njiti ya kiberiti kupima kina cha tundu, nikachukua skrubu yenye urefu ule ule wa zamani ila nene kidogo. Ikauma vizuri. Drili sikuigusa kabisa.

Kabla ya kufunga nilipangusa sehemu iliyokuwa imefunikwa na miguu. Huko nyuma kulikuwa na ukoko mweusi wa mafuta na vumbi ambao kitambaa cha kila siku hakiufikii, na rangi chini yake ilikuwa nyeupe kuliko mlango mzima.

Kufunga kwenyewe hakuna hadithi ndefu, isipokuwa kitu kimoja. Skrubu inayorudi kwenye tundu la zamani, izungushe kwanza kinyume, kama unayeifungua, mpaka uisikie imedondoka kidogo kwa mlio mdogo. Hapo imekaa kwenye njia yake, sasa kaza. Ukianza kukaza moja kwa moja inajichimbia njia mpya, na tundu linakwisha. Nilizishikiza skrubu zote nne kwa vidole kwanza, ndipo nikazikaza kwa zamu, ya juu kidogo, ya chini kidogo, kwa bisibisi ya mkono. Kishikio kikiacha kucheza, inatosha.

Kisha nikauosha mpira wa mlango, maana ndio uliokuwa unanata kwa juisi iliyokauka na kuongeza kazi ya kuvuta. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini hadi ndani ya mikunjo, halafu nikaukausha. Nikabana kipande cha karatasi mlangoni, nikakivuta, nikarudia pembe zote. Kote karatasi ilivutika kwa kukazana, isipokuwa pembe moja ya chini, upande tuliokuwa tunapenyeza vidole. Pale ilitoka kirahisi. Nikaukanda mpira pale kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukalainika, nikauvuta mbele kidogo, nikafunga mlango. Kesho yake karatasi ikabanwa.

Bisibisi ikiwa bado mkononi, nikafungua vifuniko vya kishikio cha friza, ambacho hakuna aliyekilalamikia. Skrubu zote mbili za chini zilikuwa zimelegea. Nikazikaza, nikarudisha vifuniko.