Siku moja ya mkufunzi wa huduma ya kwanza, Nungwi

Saa 1:00 asubuhi. Sanamu za mazoezi hukaguliwa kabla wanafunzi hawajafika. Mfuko wa mapafu wa darasa lililopita unatupwa, unatiwa mpya, kisha uso unafutwa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ukauke. Kila kifua hubonyezwa kusikiliza ule mlio wa "tak". Springi ikilegea hailii, na mwanafunzi hatojua kama amefika kina kinachotakiwa.

Saa 2:00. Manahodha, wapishi wa hoteli na wazamiaji wamekaa jamvini. Muite mgonjwa, mguse mabega, inua kidevu, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kutweta kwa mbali-mbali, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Akiwa hapumui, mmoja apige 112, namba ya dharura, na kutafuta gari, mwengine aanze kubonyeza kifua.

Saa 3:00. Kubonyeza kifua; hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Kitako cha kiganja kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono. Bonyeza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kosa kubwa la watu wenye nguvu ni kuegemea: wanabonyeza vizuri lakini hawaachii kifua kirudi juu chote, basi moyo haujai damu na mbonyezo unaofuata hausukumi kitu. Wengine huanza vyema, dakika ya pili kina kinapungua wao hawatambui. Ndiyo maana hubadilishana kila dakika 2.

Saa 5:00. Aliyezama. Somo hili nalipigania kuliko yote, maana bado tunaona mtu akining'inizwa kichwa chini au kukandwa tumbo ili maji yatoke. Maji hayo ni ya tumboni; yakipanda huingia mapafuni. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo mpe hewa kwanza: pumzi 5 kwa mtaala wa Ulaya, 2 kwa wa Marekani, kisha 30 kwa 2, yaani mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Pumzi moja sekunde moja tu, kifua kikiinuka inatosha. Ukipuliza kwa nguvu unajaza tumbo, naye atatapika. Akitapika, mgeuze ubavu, futa, endelea.

Saa 6:30. Mapumziko, sala na chakula.

Saa 8:00. Maji yamekupwa, tunashuka pwani. Mchanga mkavu hudidimia, nguvu yote inaishia chini ya mgongo. Mvute mgonjwa hadi mchanga mgumu, au mpandishe kwenye ubao. Mlaze sambamba na ukingo wa maji, kichwa kisiwe chini kuliko miguu.

Saa 9:30. Mtihani: dakika 2 za 30 kwa 2, kila kusita kusizidi sekunde 10. Anayeshindwa hurudia papo hapo. Cheti kwa kawaida ni cha miaka 2, lakini mikono husahau ndani ya miezi michache, kwa hiyo kila chombo cha baharini kinapangiwa siku ya kurudia.

Saa 11:00. Sanamu zimeoshwa chumvi, zinaanikwa kivulini. Zikifungwa na unyevu, kesho mapafu yana ukungu.