Nusu Siku

Desemba ikifika, Moshi inakuwa mji mwingine. Mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu mpaka usiku, Mbuyuni hapapitiki, bei ya mbuzi inapanda kila wiki, na vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vilivyobaki na wazee peke yao vinajaa wajukuu. Naupenda mwezi huu kuliko miezi yote. Lakini unakuja na swali, na mwaka huu nimeshaulizwa na shangazi, na binamu zangu, na hata na baba mmoja aliyekuja kuulizia mbuzi wa ndafu: "Kwa hiyo wewe unafanya kazi nusu siku tu? Mchana kutwa unafanya nini?"

Shangazi nilimjibu kwa ufupi kwa sababu alikuwa anawahi gari la Marangu. Leo ni Jumapili, nina nafasi, nataka kujibu vizuri.

Kazi yangu ni kwenye duka la dawa za mifugo na pembejeo, si mbali na soko la Mbuyuni. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa saba mchana. Nilisomea mifugo Tengeru, ngazi ya astashahada, na ninachokifanya pale zaidi ni kusikiliza. Mmoja anakuja na picha ya ng'ombe kwenye simu, mwingine na kuku aliyekufa ndani ya kiroba, mwingine hana picha wala kuku, ana maelezo tu: "Hali chakula, amesimama, masikio yameshuka." Unauliza maswali mpaka ugonjwa ujitokeze. Kuna wakati jibu sahihi ni kutokuuza kitu, umwelekeze mtu kwa daktari wa mifugo wa kata, na mwenye duka wetu hajawahi kunikataza kufanya hivyo. Ndiyo maana nampenda.

Nyumbani ni Rau, kwa mama. Tuna mbuzi wa maziwa waliochanganya damu na Toggenburg, kuku wa kienyeji, na mbwa anayeitwa Simba. Mbuzi wanakamuliwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ukimchelewesha mbuzi mwenye maziwa mengi, kiwele kinajaa na kuuma, na ukizoea kumchelewesha maziwa yanapungua. Watu wanauona huo ni mzigo. Mimi naona ndiyo saa mbili zinazoinyoosha siku yangu, kwa sababu hazijadiliwi. Nikiwa na huzuni nakamua, nikiwa na furaha nakamua, na mara nyingi nikimaliza, huzuni imepungua na furaha imetulia.

Mchana nakula, kisha nakata majani. Mabingobingo tumeyapanda pembeni mwa mfereji, na kiangazi kikizidi naongezea mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, pumba, na mashudu kidogo ya alizeti. Kazi hiyo haina maelezo mengi. Shangazi asichokijua ni saa zinazofuata.

Mtaani kwetu kuku hufa kwa kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache, na tiba hauna. Kinga ipo, na ni ya bei ndogo: chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, ambayo inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Ni tone moja kwenye jicho moja la kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Sasa kwa nini kuku wanaendelea kufa? Kwa sababu ya chupa. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa. Mama mwenye matetea sita haoni sababu ya kununua dozi za kuku mia na zaidi halafu amwage. Tatizo si ujinga wala uvivu, kama wanavyosema baadhi ya watu wa semina. Ni hesabu, na hesabu hiyo haiwezi kutatuliwa na mtu mmoja ndani ya uzio wake.

Kwa hiyo mimi nazunguka. Naorodhesha nyumba, tunagawana bei ya chupa, tunapanga jioni moja, na kila nyumba inawafungia kuku ndani mapema. Kisha napita mlango kwa mlango na boksi langu la barafu kabla giza halijaingia. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mchana. Hainipi mshahara, inanirudishia gharama na ziada ndogo.

Kuna bibi mmoja, jirani wa nyuma ya kanisa, ambaye mwanzoni alikataa kabisa. "Mjukuu wangu," aliniambia, "kuku ni wa Mungu, akitaka anachukua." Nilimwamkia, nikakaa naye, nikaondoka bila kushika kuku hata mmoja. Kiangazi kile kideri kilipita, na yeye akaona kwa macho yake nyumba zipi zilibaki na jogoo wa kuwika. Sikumwambia kitu. Alinitumia mtoto: "Bibi anasema uje na dawa ya jicho." Mayai ya kuku wake ndiyo daftari za mjukuu wake wa darasa la tano na ndiyo sadaka yake ya Jumapili. Ninaposikia mtu anasema kuku wa kienyeji ni wa kujifurahisha tu, namkumbuka bibi huyu na nakasirika kweli.

Kukimbia nakuweka saa kumi jioni, siku zisizo za chanjo. Natoka Rau, napita ukingoni mwa msitu, kisha napandisha kuelekea Uru hadi pumzi inapokuwa ya kuhesabika, halafu narudi kuwahi kukamua. Asubuhi sikimbii kwa sababu alfajiri ni giza na mimi ni mwanamke peke yangu barabarani. Anayenishauri kuamka saa kumi usiku hajapita njia zangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa kweli kukata majani na kubeba mzigo kichwani kunazifikisha. Lakini mzigo haunipi kitu ambacho mbio zinanipa. Nikikimbia nafikiri sentensi moja mpaka mwisho. Mwishoni mwa Februari nataka kukimbia kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio ambazo mji wetu umekuwa nazo tangu 2003, na mwinuko wa barabara ya Mweka unanisubiri.

Simba ananifuata, na amechanjwa. Nalisema hili kila ninapopata nafasi: karibu binadamu wote wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza, mtu hufa. Eneo likichanja asilimia 70 ya mbwa wake, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Habari nazifuatilia jikoni. Taarifa ya saa mbili usiku tunaisikiliza mimi na mama, redio juu ya kabati, chakula mezani, na pembeni nina daftari. Ninaandika mambo machache ninayotaka kuyafuata kwa miezi, kwa sababu habari ya siku moja mara nyingi hainifundishi kitu. Uwanja unaojengwa Arusha kwa ajili ya AFCON ya 2027 umo humo. Bei ya kahawa imo, maana mama bado ana mibuni.

Punda wamo. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kupata kitu kinachotumika kwenye dawa za Kichina, ilipunguza punda Afrika kwa kasi ya kutisha, mpaka wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa, Februari 2024, kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mwaka huu alikuja dukani yeyo mmoja, mama wa Kimaasai, kutoka upande wa Sanya, punda wake ana kidonda cha tandiko. Nilipokuwa namweleza namna ya kusafisha na kupuliza dawa, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wanunuzi wanarudi, maana kijijini kwao wamesikia. Nilimweleza kilichoamuliwa na kwa nini, na kwamba akiona mtu anakusanya punda usiku atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Yule punda ndiye anayemchotea maji. Mwanamke aliyepoteza punda anabeba mwenyewe, au binti yake anaacha shule abebe. Mambo ya Addis Ababa yalikuwa yamefika kaunta yetu, na nilifurahi kwamba nilikuwa nayajua.

Na ile asubuhi ya Jumatatu, 15 Septemba 2025! Nilikuwa nakamua, mama akaniita kutoka jikoni kwa sauti ambayo nilidhani kuna msiba. Alphonce Simbu alikuwa ameshinda marathoni ya dunia Tokyo, usiku sisi tukiwa tumelala, amemtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kukimbia saa mbili, dakika tisa na sekunde 48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Dukani siku ile hakuna aliyeanza na ugonjwa wa ng'ombe. Mzee mmoja alitukumbusha Filbert Bayi na rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, akasimulia kama aliyekuwa uwanjani. Jioni nilipandisha Uru nikiwa na miguu mipya.

Halafu Oktoba. Wiki ya uchaguzi wa tarehe 29, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, na dada yangu anaishi Dar. Nilimpigia kwa simu ya kawaida, ikawa inakubali na kukataa. Mama alikaa na redio mapajani badala ya kabatini. Intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba, picha zikaingia zote kwa mkupuo, na nilikaa bandani nikalia. Watu walipoteza maisha. Sitaandika juu yao kwa haraka, wala sitafanya kama hawakuwepo. Rafiki yangu aliniambia ameacha kufuatilia habari kwa sababu zinamuumiza, na ninamwelewa. Mimi siwezi. Waliokufa ni watoto wa watu kama sisi, na kuwajua ni jambo dogo ninaloweza kuwapa.

Nilichokiacha ni kushinda na simu mkononi. Makundi yote ya kusambaza video nimeyanyamazisha. Yaliniacha na hofu isiyo na pa kwenda, na hayakumfanya dada awe salama zaidi. Badala yake nampigia kila jioni baada ya taarifa ya habari, tunaongea tulichosikia, yeye ananieleza Dar ilivyo, mimi namweleza mbuzi yupi anakaribia kuzaa. Mazungumzo haya hayakuwepo kabla ya Oktoba.

Sasa mwenye duka, ambaye namwita Mama kwa umri wake na kwa wema wake, ameniomba kuanzia Januari nikae mpaka saa kumi na moja jioni. Mshahara ungekaribia mara mbili. Sidharau fedha hiyo hata kidogo: paa la banda linavuja, na dawa za presha za mama mzazi hazinunuliwi kwa maneno. Nimepiga hesabu usiku zaidi ya mara moja. Lakini kila nikiongeza saa za mchana dukani, naona chupa ya chanjo ambayo hakuna wa kuizungusha, na mbio zinazohamia gizani ambako sitazikimbia. Kuuza chanjo kutwa kwa watu wasioweza kuitumia chupa nzima hakutamsaidia bibi wa nyuma ya kanisa.

Kesho nitamjibu. Nitamwomba nibaki nusu siku, isipokuwa siku moja ya wiki nikae kutwa ili apumzike. Nitamwomba tuandike mkataba, kwa sababu mpaka sasa tunafanya kazi kwa kuaminiana, na kuaminiana hakuchangii NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mfanyakazi wa nusu siku naye atazeeka. Na nitampendekezea jambo la biashara: duka liagize chanjo ya kideri kwa ratiba ya mitaa, litangaze tarehe, na mimi nizungushe mchana, kila mtaa na jioni yake. Atauza chupa nyingi kuliko anavyouza sasa, kwa sababu hakuna atakayemwaga.

Akikubali tutaanza na Kiboriloni mwezi Januari. Kwa mlio Rau, chupa inafunguliwa Jumamosi hii, kabla hamjaanza kuleta majogoo ya Krismasi kutoka sokoni na kuyachanganya na yenu. Fungieni kuku saa kumi na moja. Bibi ameshaomba nianzie kwake.