Konzi, mafuta na ubani: kuzilinganisha sadaka za unga

Wengi wakifika Walawi 2 huipita mbio. Unga, mafuta, ubani, halafu tena unga, mafuta, ubani. Katika vikundi vya Biblia vya huku kwetu, kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga, sura hii humalizwa jioni moja na kuachwa, na hiyo ni hasara. Isome pamoja na Menahoti, kitabu chenye sura 13 juu ya sadaka za unga katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi. Hapo utaona kwamba kila sadaka ina sheria yake, na njia nzuri ya kuzitofautisha ni kuuliza: kosa likitokea hapa, sadaka inaharibika au inarekebishika?

Kwanza vipimo. Sadaka ya hiari haipungui sehemu ya kumi ya efa, kipimo cha kale cha Waisraeli, yaani ujazo wa mayai 43 na kidogo: trei moja na mayai 13 juu yake. Kwa hesabu inayotumiwa na wengi leo ni kama lita mbili na nusu, zaidi kidogo ya nusu sado. Mafuta yake ni logi moja, ujazo wa mayai 6, karibu sawa na chupa ya soda ya mililita 350. Aliyeahidi nusu kipimo analeta kizima, na aliyeahidi shayiri analeta ngano.

Maneno "unga mwembamba" yanaweza kukupotosha. Mweka hazina wa Hekalu alitia mkono ndani ya unga. Ukitoka na vumbi, unga ule haukufaa mpaka uchekechwe tena. Kilichotakiwa ni kile kinachobaki juu ya chekecheke, chenga safi za kiini cha ngano. Vumbi linalopita chini halikutakiwa.

Sadaka za hiari ni tano: unga mbichi, ya kaango, ya chungu chenye kina, mikate ya tanuri, na mikate myembamba ya tanuri. Kuhusu kaango na chungu, Rabi Yose Mgalilaya anasema tofauti ni mfuniko: chungu kinao, kaango halina. Rabi Hanina ben Gamlieli anatazama umbo. Chombo chenye kina hutoa kitu laini, kile bapa hutoa kigumu. Mpishi wa chapati atamwelewa Hanina mara moja, maana unga uleule ukiuweka kwenye chuma cha chapati na kwenye sufuria la mafuta mengi hupati chakula kimoja. Ile ya tanuri hugawanywa mikate 10. Mikate minene huchanganywa na mafuta kwenye unga, myembamba hupakwa mafuta juu.

Konzi, ile sehemu inayoteketezwa madhabahuni, ndipo penye kazi. Katika unga mbichi, kuhani huchota konzi kabla ya kitu chochote kupikwa. Katika zile nne nyingine, sadaka hupikwa kwanza, hukunjwa na kumegwa vipande, ndipo konzi ichotwe. Biblia yetu imechagua neno zuri, kwa kuwa konzi si ukufi. Kuhani hukunja vidole vitatu vya kati juu ya kiganja cha kulia, na kwa sadaka za kaango na za chungu hufuta kilichochomoza, kwa kidole gumba upande wa juu na kwa kidole cha mwisho upande wa chini. Kikitoka kijiwe ndani ya konzi, au punje ya chumvi, au chembe ya ubani, imebatilika: kijiwe kimechukua nafasi ya unga, konzi imepungua. Ikizidi pia imebatilika.

Sasa mafuta na ubani. Zile tano zina vyote viwili. Sadaka ya unga inayoandamana na sadaka ya kinywaji ina mafuta bila ubani. Mikate ya wonyesho ina ubani bila mafuta. Mikate miwili ya Pentekoste, sadaka ya mkosaji maskini na ile ya mke anayeshukiwa kuzini hazina chochote kati ya hivyo. Mtu akimimina mafuta juu ya sadaka ya mkosaji, imeharibika, kwa sababu yamekwisha kunyweka kwenye unga. Akiweka ubani, huokotwa na sadaka huendelea. Makosa ni mawili, kila moja na hatia yake, lakini moja tu ndilo linaloweza kutolewa kwa vidole.

Shayiri nayo isikuchanganye. Sadaka ya mke anayeshukiwa ni ya shayiri na haina mafuta. Mganda wa malimbuko nao ni wa shayiri, lakini una mafuta na ubani, na unga wake ulichekechwa kwa machekecheke 13.

Sadaka za unga zote hukandwa kwa maji vuguvugu. Anayeumua maandazi Mbeya mwezi wa Juni anajua kwamba maji hayo ndiyo yanayoharakisha kuumuka, ndiyo maana Mishna, sheria zilizo msingi wa Talmudi, inaongeza kwamba unga ulindwe usichachuke.

Sadaka ya kuhani mwenyewe huteketezwa yote, haichotwi konzi. Kwa hiyo Rabi Shimoni anasema haina haja ya kumegwa, kwani kumega ni kwa ajili ya konzi. Wenzake wanasema hukunjwa, ila vipande havitenganishwi.