Vitabu vipya visilale kabatini: ninavyovifikisha kwa watu wa gulio

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu vitabu vipya ni huu: "Vifungie kabatini kwanza, watu wa huku wataviharibu." Nimeusikia kwa wenye vyeo na kwa wazee ninaowaheshimu, na bado naukataa. Huku pwani kitabu kilichofungiwa hakitunziki. Unyevu unakikuta humohumo, ukungu unaanzia kwenye kingo za kurasa, na kabati likigusa ukuta mchwa wanapanda kwa nyuma bila mtu kujua. Kitabu kinachoazimwa kinapata hewa, na kila kikirudi kinakaguliwa. Maktaba yetu ni chumba kimoja na kibaraza, na boksi likifika nataka vitabu viwe mikononi mwa wasomaji ndani ya wiki.

Sianzi na mhuri, naanza na mgongo. Kitabu cha jalada laini kikifunguliwa katikati kwa nguvu mara ya kwanza, gundi inapasuka, na wasomaji wachache tu wakikipitia kurasa zinaanza kutoka. Nakisimamisha kwa mgongo juu ya meza, nalaza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu kurasa kumi hivi upande huu na kumi upande ule, nikipitisha kidole taratibu kwenye mkunjo mpaka nifike katikati. Hapo ndipo na kasoro za uchapaji zinaonekana: kurasa tupu, kurasa zilizojirudia, sura iliyorukwa. Kitabu cha namna hiyo kirudi kwa muuzaji kabla ya mhuri, maana kikishagongwa ni vigumu kupokelewa.

Usajili, kadi na karatasi ya tarehe kila mkutubi anavijua. Ninachosisitiza ni lebo. Ibandikwe sentimita tatu kutoka chini ya mgongo, vitabu vyote sawasawa, ili jicho lisome rafu kwa mstari mmoja. Juu yake nailoni, ikunjiwe ndani ya jalada. Selotepu ishike nailoni kwa nailoni, isiguse karatasi kamwe: kwa joto letu gundi yake inalainika, inashika vumbi, inageuka njano na kuacha doa lisilotoka. Fasihi ya Kiswahili kwa mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ni 896.392. Namba hiyo naiandika kwenye daftari, lakini mgongoni mwa riwaya naweka RIW na herufi tatu za mwanzo za jina la ukoo la mwandishi. Mtu anayetaka riwaya asihangaishwe na desimali. Vya kilimo (630), mifugo (636) na nyuki (638) vibaki na namba zao, kwa sababu anayetafuta kimoja hufurahi kukuta na jirani zake.

Sasa tangazo, na hapa najivunia kabisa. Orodha ndefu ya "Vitabu Vipya" ubaoni haisomwi. Jina la kitabu halimwambii mtu kwamba kinamhusu. Mimi naandika swali moja kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu ya wino mzito, herufi zenye kimo cha kidole gumba: "Kuku wako wanakufa kwa kideri? Kitabu kipo maktaba, njoo Jumatano." Siibandiki kwenye mlango wetu. Naibandika duka la dawa za mifugo, kwa sababu mwenye kuku anapita pale. Cha ushonaji kinatangazwa kwa mafundi cherehani, cha malezi kliniki ya mama na mtoto. Tangazo moja, kitabu kimoja.

Jumatano ni siku ya gulio. Namwomba afisa mifugo asimame kibarazani kwetu saa tano, si saa mbili. Saa mbili watu bado wanapanga bidhaa. Saa tano mauzo yamepungua na magari ya vijijini hayajaondoka. Anaonyesha chanjo ya I-2 ya kideri: tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kitabu kinakuwa mkononi mwake muda wote. Nimeshachomeka vipande vya karatasi kwenye kurasa husika, naye anasoma aya moja kwa sauti, kisha anataja ukurasa. Watu wanautaka ukurasa huohuo, siku hiyohiyo.

Kwa hiyo meza ya kuazimia iwe hatua chache kutoka alipo. Ikiwa ndani, nusu ya watu hawaingii. Mezani pawe na fomu za uanachama, mhuri wa tarehe na daftari la foleni: jina, kijiji, simu. Nakala zikiwa mbili, muda wa kuazima ni wiki moja. Picha ya pasipoti ndiyo hukwamisha wengi, basi fomu inapokelewa ikiwa na mdhamini anayejulikana, picha italetwa siku ya kurudisha. Manila, kalamu na chai ya mgeni ni kama elfu kumi na tano, mara nyingine pungufu. Nailoni ndiyo inayokula hela.

Watoto wana Jumamosi saa nne, kwenye majamvi, dakika arobaini zisizidi. Kitabu kishikwe ubavuni mwa uso, kigeuziwe watoto, kurasa zifunuliwe kwa kona ya chini ili mkono usizibe picha. Kikiwa na sura nyingi, soma moja tu. Nakala ziwe mezani kabla hawajasimama. Septemba kwa mtihani wa darasa la saba na Novemba kwa kidato cha nne, chumba ni cha watahiniwa, hadithi zinahamia chini ya mwembe.

Rafu ya vitabu vipya igeuze majalada mbele, na kila kitabu kiwe na kibandiko cha rangi ya mwezi wake. Miezi mitatu ikiisha, rangi hiyo inaondoka yote kwenda rafu za kawaida, bila kufungua daftari.