Kutafuta Sauti Hispania: Safari ya Mkusanyaji wa Magitaa

Mkusanyaji wa magitaa huzoea mapema kuulizwa na watu anaoishi nao hili jingine ni la nini, ilhali yaliyopo yamekwisha kujaa ukutani na chini ya kitanda. Jibu langu halijabadilika: hakuna magitaa mawili yenye sauti moja, hata yawe yametoka mikononi mwa fundi yuleyule na kwa mbao za gogo lilelile. Kuzisikia tofauti hizo, kuzipima kwa vidole na sikio, kisha kuamua ni ipi nitakayoishi nayo, ndiko kunakonipa raha. Nilipopata nafasi ya kusafiri, basi, nilielekea Hispania, nchi ambako gitaa la nyuzi sita lilipata umbo tunalolijua leo katika karne ya 19. Nilipanga kupita Barcelona, Madrid, Almería na Granada, nikiwa nimebeba kasha tupu ambalo liliwashangaza maofisa wa kila uwanja wa ndege.

Barcelona sikukusudia kununua kitu. Nilikwenda kuona gitaa moja tu katika Museu de la Música, jumba la makumbusho ya muziki la mji huo. Lilitengenezwa mwaka 1862 na Antonio de Torres, na uso wake, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, ni wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaotumika katika ala nyingi za Ulaya. Mgongo na mbavu zake, hata hivyo, ni za karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Torres hakuwa akifanya mzaha. Alitaka kuthibitisha kwamba sauti ya gitaa huzaliwa usoni: uzi ukicharazwa, mtikisiko wake hupita katika daraja, kipande cha mbao usoni ambako nyuzi hufungwa, na kuingia kwenye ubao ambao unene wake ni milimita mbili na ushei, na ubao huo ndio unaosukuma hewa mpaka tukasikia. Kwa ndani, chini ya ubao, alibandika vijiti vyembamba saba vilivyotandazwa kama upepeo, ili uso uwe mwepesi na wakati huohuo usikunjike kwa mvuto wa nyuzi. Mafundi wa gitaa la klasiki wangali wanauanza mchoro wao hapo, hata wale wanaokusudia kuuacha.

Nilisimama mbele ya gitaa hilo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kwa sababu hoja yake inawagusa wakusanyaji moja kwa moja. Sokoni, kinachopandisha bei ya gitaa mara nyingi ni mgongo: mbao adimu, zenye mistari myeusi na myekundu, ambazo muuzaji hukugeuzia kabla hata hujapiga sauti moja. Sitasema mgongo hauna kazi, maana ugumu na uzito wake hubadili jinsi sauti inavyorudishwa na inavyodumu. Lakini mnunuzi anayeanza na mgongo ananunua samani, na sioni haya kusema hivyo mbele ya marafiki zangu ambao kabati zao zimejaa migongo mizuri.

Kando yake yamo magitaa ya zamani zaidi, yenye jozi tano za nyuzi, mbavu nyembamba na mapambo ya kuchosha macho. Nyuzi sita za mmojammoja zilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18. Kwa karne nyingi nyuzi zenyewe zilikuwa za utumbo wa wanyama, na baadaye besi, yaani zile nyuzi nene za sauti ya chini, zikawa za hariri iliyozungushiwa waya. Nailoni ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Albert Augustine, fundi wa New York, alipoanza kuitengenezea nyuzi huku akitiwa moyo na mpigaji Andrés Segovia. Anayenunua gitaa lililotengenezwa kabla ya hapo hana budi kukumbuka kwamba fundi wake hakuwahi kulisikia kwa nyuzi tunazolifunga sisi.

Treni ya kasi ilinifikisha Madrid kabla sijamaliza kusoma maelezo niliyonakili makumbushoni. Katika mji huo jina lisilokwepeka ni Ramírez. José Ramírez alianzisha karakana yake mwaka 1882 na kumfundisha kazi mdogo wake, Manuel, kisha ndugu hao wakakosana pale Manuel alipofungua karakana yake humohumo Madrid. Ni kwa Manuel ambako Segovia, akiwa kijana asiye na fedha, alikwenda mwaka 1912 kuomba kukodi gitaa kwa ajili ya onyesho. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipiga, fundi akasikiliza, na gitaa akapewa bure. Alilipiga kwa takribani robo karne, mpaka alipohamia lile la Hermann Hauser wa Ujerumani la mwaka 1937, na yote mawili sasa yako katika Metropolitan Museum ya New York. Jambo linalowavutia wakusanyaji ni kwamba lebo ndani ya gitaa la 1912 ina jina la Manuel Ramírez, lakini inaaminika kuwa aliyelijenga ni Santos Hernández, aliyekuwa fundi katika karakana hiyo. Tangu niliposoma habari hiyo, lebo naichukulia kama mwanzo wa maswali.

Madrid nilipata nafasi ya kujaribu, na hapa inafaa nieleze ninavyojaribu, kwa sababu ndiyo sehemu tamu kuliko malipo yenyewe. Kwanza silipigi gitaa. Naliinua na kuligonga usoni kwa ncha ya kidole, karibu na daraja na kisha pembeni, nikisikiliza kama mlio unajibu au unakufa. Baadaye natazama shingo kutoka kichwani kuelekea darajani, jicho moja likiwa limefumbwa, kama seremala anavyokagua ubao. Napiga kila uzi ukiwa wazi, halafu kwenye freti ya 12, yaani kibati cha 12 kati ya vile vilivyopita shingoni, ambapo sauti inapaswa kuwa oktavu kamili ya ule uzi wazi, noti ileile ila ya juu zaidi. Ikipanda au kushuka, gitaa hilo litakusumbua siku zote. Pia napima kwa macho urefu wa nyuzi juu ya freti hiyohiyo, ambao katika gitaa la klasiki huwa milimita tatu hadi nne upande wa besi. Yote hayo yakiisha ndipo napiga wimbo, na huwa napiga uleule, polepole, maana wimbo wa kujionyesha humsaidia muuzaji.

Siku hiyo niliwekewa mezani magitaa mawili ya fundi mmoja, yenye vipimo vilevile, moja uso wa sprusi na jingine uso wa mwerezi. Mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini uliingia katika magitaa ya klasiki miaka ya 1960, na José Ramírez wa Tatu ndiye aliyeupa umaarufu. Sauti yake ni ya joto na hujitokeza mara moja, hata kwa mkono mzembe. Sprusi hudai kazi zaidi: ukiipiga kwa uvivu inakunyima, ukiipiga kwa uangalifu inakupa sauti nyembamba, safi, yenye tabaka nyingi, na wapigaji wengi huamini kwamba hukomaa kadiri inavyotumiwa. Nilizunguka kati ya magitaa hayo mpaka muuzaji akaenda kunywa kahawa yake akaniacha. Nilikwishajua kwamba ninalolipenda ni la mwerezi na kwamba ninalolihitaji ni la sprusi, kwa sababu la mwerezi ninalo. Sikununua lolote, na ninadhani muuzaji alilielewa hilo kuliko wateja wake wengi wanavyolielewa.

Jumapili asubuhi nilikwenda El Rastro, gulio kubwa la mitumba la Madrid, ambako kila kitu chenye nyuzi hutundikwa kana kwamba ni ala ya muziki. Magitaa mengi pale ni mapambo ya ukutani, na shingo zake zimepinda kiasi kwamba hayafai hata kufundishia mtoto. Lakini chini ya rundo la fremu za picha niliona bandurria, ala ndogo yenye umbo la tone, mgongo bapa na nyuzi 12 zilizopangwa katika jozi sita, inayopigwa kwa kipande kigumu kilichoshikwa vidoleni. Vikundi vya nyuzi vya Hispania huitumia kubeba sauti ya juu, pamoja na dada yake mkubwa, laúd, na magitaa. Hii ilikosa nyuzi kadhaa na uso wake ulikuwa na ufa mrefu uliofuata mkondo wa mbao, yaani mistari ya nyuzinyuzi zake. Ufa wa namna hiyo hauniogopeshi. Fundi huuziba kwa gundi na vipande vidogo vya mbao kwa ndani. Ufa unaokata mkondo, au daraja linalonyanyuka na kuburura uso pamoja nalo, huo ndio wa kuukimbia. Tulipatana bei kwa vidole na tabasamu, nikaondoka nayo imefungwa kwenye gazeti.

Kutoka Madrid nilishuka kusini hadi Almería, mji wa pwani uliozungukwa na nchi kavu ya vumbi na mawe. Torres alizaliwa viungani mwake mwaka 1817, akajifunza useremala, akapata sifa ya utengenezaji wa magitaa akiwa Sevilla, kisha mwishoni mwa miaka ya 1860 akarudi Almería na kufungua duka la vyombo vya kaure. Miaka kadhaa baadaye aliirudia kazi ya magitaa na kuanza kuyabandika lebo za awamu ya pili, akaendelea hadi kufa kwake mwaka 1892. Siku hizi mji una jumba la makumbusho ya gitaa lenye jina lake. Nilitoka humo nikiwa nawaza barua ya padri mmoja aliyemfahamu Torres uzeeni. Padri huyo alimsihi asife na siri yake, na Torres, kwa maelezo ya barua hiyo, akajibu kwamba haiwezekani kuiachia dunia, kwa kuwa siri yenyewe imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, vinapoupapasa ubao na kumweleza fundi kama umefikia unene unaofaa. Nimewahi kuona vipimo vya magitaa yake vikinakiliwa hadi sehemu ndogo za milimita, na nakala hizo hutofautiana sana kwa sauti, kwa sababu ubao mmoja ni laini na mwingine ni mgumu. Anayekusanya nakala hizo ana utajiri wa aina yake.

Granada nilifika kwa basi. Njia iitwayo Cuesta de Gomérez, inayopanda kutoka uwanja wa Plaza Nueva kuelekea kasri la Alhambra, inajulikana kwa karakana zake za magitaa, na katika mji huu ndiko alikofanya kazi Benito Ferrer, aliyetengeneza gitaa la kwanza la Segovia. Watalii hupita wakihema kuelekea kasri, wachache wakichungulia. Niliingia katika karakana moja ndogo, nikakaribishwa kukaa penye maranda na vumbi la msasa. Fundi alikuwa anajenga kwa utaratibu wa Kihispania: uso umelazwa kifudifudi juu ya ubao wa kujengea, na shingo inaunganishwa na mbavu tangu mwanzo kwa kuzichomeka katika kisigino chake, hivyo kwamba gitaa zima hukua pamoja. Alikuwa akikwangua vijiti vya ndani kwa patasi nyembamba, anagonga, anasikiliza, anakwangua tena. Katika saa nzima niliyokaa sikumwona akigusa rula.

Ukutani lilitundikwa gitaa la flamenco, muziki wa jadi wa kusini mwa Hispania, la mgongo wa saipresi, mbao nyepesi ya rangi ya majani makavu, lenye kibati chembamba cha plastiki usoni cha kuukinga ubao dhidi ya kucha za mpigaji, na vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi badala ya vifunguo vya chuma. Nyuzi zake zilikaa chini kuliko za gitaa la klasiki, na sauti yake ilikuwa kavu, ya ghafla, inayopasuka na kuondoka. Nilifanya ukaguzi wangu wote kwa mpangilio, lakini kwa kweli nilikuwa nimeshaamua kwenye mguso wa kwanza wa kidole. Fundi alinionya nilitunze katika unyevu wa asilimia 45 hadi 55, kwa kuwa Granada ni kukavu, na gitaa lililojengwa hapo likipelekwa penye unyevu mwingi uso wake huvimba na nyuzi hupanda.

Tukiwa tunalegeza nyuzi kwa ajili ya ndege, aliniuliza kuhusu mpingo, ambao alikuwa ameutumia mara chache. Mti huo ni wa jamii ya Dalbergia, ndugu wa zile mbao za Brazili na India zinazopendwa kwa migongo, na uzito wake ni mkubwa kiasi kwamba huzama majini. Sehemu kubwa ya mpingo wa ala huishia kwenye klarineti na zumari za Ulaya. Alisema mgongo wake hulia kama kengele ukigongwa, ila huvunja visu na moyo wa fundi. Hapo nikaagiza gitaa la klasiki, uso wa sprusi, urefu wa uzi milimita 650, mgongo wa mpingo. Kwa mujibu wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, jamii yote ya Dalbergia iliwekewa masharti tangu Januari 2017, na tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika za mti huu zimeondolewa katika masharti hayo, ilhali mbao ghafi bado zinahitaji kibali. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mbao atazinunua yeye kwa muuzaji mwenye karatasi halali, nami nitasubiri zamu yangu katika daftari lake, ambalo kwa nilivyoliona halina nafasi mpaka mwaka ujao upite.