Nyumba ya Kupanga Nayo ni Nyumba

Kaka yangu aliponifungulia mlango wa nyumba niliyopanga hapa Chumbageni, alisema neno moja tu na sauti yake ikamrudia kutoka ukutani. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani na kibaraza kinachotazama mwembe wa jirani. Ndani hamkuwa na hata msumari. Mwenye nyumba nilishampa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye kachukua yake ya mwezi mmoja, na Mama yuko Makorora, wiki ya pili tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Nimerudi Tanga kumwuguza. Kwake hakuna nafasi. Kaka, wifi na watoto wanne wameijaza nyumba mpaka ukumbini, ndiyo maana nikapanga karibu.

"Dada, kesho twende tukachukue seti ya sofa," kaka akasema. "Na kabati la televisheni. Watu watakuja kukuona. Wewe watoka Ujerumani."

Nilimwelewa. Mtu akitoka Ulaya hutazamiwa awe na vitu, na mgeni akikuta mkeka mtupu ataondoka na maneno, na maneno hayo yatamfikia Mama kitandani. Lakini nilimwambia kaka anipe mwezi mmoja, nitaipamba nyumba hii tupu kwa mikono yangu. Hakunielewa, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza siku ile. Naeleza hapa, hasa kwa ninyi mlioko nje.

Miaka yangu mitatu ya mwanzo Hamburg nililala kwenye godoro sakafuni na kula juu ya sanduku la safari. Wengi wetu tunaijua hali hii, ila hatuisemi simu za nyumbani zinapopigwa. Kule nyumba nyingi za kupanga hukabidhiwa tupu kwelikweli: pengine hakuna jiko wala sinki ya kuoshea vyombo, na nyaya za taa zinaning'inia darini bila balbu. Juu ya kodi, mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana inayofika kodi ya miezi mitatu. Ukishalipa hayo, umebaki na nauli ya treni.

Hata hivyo si ukata peke yake ulionilaza chini. Mshahara ulipotulia bado kila senti niliituma Kange, hapa Tanga, kwenye kiwanja, kisha kwenye matofali, kisha kwenye nondo. Nilijiambia: hapa si kwangu, napita tu, meza ya nini? Vizuri vyote nitaviweka nikishajenga kwetu. Asubuhi moja ya Januari, kukiwa bado giza, nimetoka zamu ya usiku (nafanya kazi ya kutunza wazee), nikapakua wali na mchuzi, sanduku likainama, mchuzi wote ukaingia godoroni. Nilikaa pale na koti langu la baridi mwilini nikalia. Nilikuwa na miaka 34, na mitatu kati ya hiyo nimeiishi kama abiria aliyelala stendi akingoja basi la alfajiri.

Wiki ile ile nikatafuta mbao.

Wajerumani wana siku za kutoa nje vitu vikubwa wasivyovihitaji: viti, droo, vioo, magodoro. Magodoro sikuwahi kuyagusa, kunguni hawana heshima. Mbao nilizipata kwa kuomba paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, kwenye maduka na maghala. Paleti nayo ina lugha yake, na ni vizuri uisome kabla hujaiingiza chumbani. Ikiwa na mhuri wa HT, mbao zake zimepashwa moto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Ikiwa na MB, imefukizwa kwa gesi ya sumu. Hiyo iache hapo hapo. Na zile imara zenye alama ya EPAL, za sentimita 120 kwa 80, zina thamani na zinazunguka kati ya makampuni. Mwenyewe hatakupa, nawe usizichukue. Omba zile nyepesi za safari moja.

Vifaa vyangu vilikuwa msumeno wa mkono, bisibisi, msasa, pima maji na penseli. Kelele za usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi haziruhusiwi, na Jumapili kutwa ni siku ya kimya, kwa hiyo nilikuwa napiga msasa Jumamosi mchana, mlango wa roshani wazi, baridi inaniuma vidole. Meza ya kwanza ilinichukua Jumamosi nne. Miguu yake niliifunga kwa bolti na nati, sikutia gundi, kwa sababu mpangaji hatakiwi kufunga kitu kisichofunguka. Meza ile imehama nami mara mbili, mara ya pili ndani ya treni, miguu nimeifunga pamoja kwa kanga. Kwa rafu nilitengeneza ngazi inayoegemea ukuta, isiyohitaji tundu hata moja, maana matundu ya ukutani siku ya kuhama ni wewe utakayeyaziba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa kuliko yote.

Niliingia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta skrubu. Kwenye rafu ya vitu vya wanyama nikaona roli za kamba ya rangi ya siagi, za kuzungushia nguzo ambazo paka hukwaruza kucha. Nikaichukua moja, nikainusa. Katani! Babu yangu mzaa mama alifanya kazi korona, yaani kiwanda cha mkonge, huko Muheza miaka mingi, kwenye mashine ile inayoponda jani la mkonge mpaka zibaki singa. Jani zima, alikuwa akisema, na unachopata ni kiganja cha nyuzi. Kweli, singa ni karibu asilimia nne tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji na makapi. Shati lake la kazini lilikuwa na harufu chungu isiyotoka kwa sabuni. Nilikuwa nimesimama kilomita maelfu kutoka Muheza, na shati la Babu liko mkononi mwangu.

Mkonge wenyewe ulikuja kwetu kama mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutoka hiyo 62, kufikia 1964 Tanzania ilikuwa inatoa takriban tani 230,000 za singa kwa mwaka, kabla kamba za plastiki hazijaibana soko. Miche ile ilishuka katika bandari ya mji ule ule ninaolipa kodi. Nilinunua roli mbili. Nikazungushia miguu ya taa, fremu ya kioo, na ukingo wa meza yangu, na chumba kikaanza kunijua.

Kwa hiyo kaka aliponiambia sofa, mimi nilienda Ngamiani.

Nilimkuta fundi seremala mmoja mzee chini ya bati lake, randa mkononi, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kitanda cha kuchonga?"

"Nataka mabanzi, mzee. Na ruhusa ya kukaa hapa nifanye mwenyewe."

Aliweka randa chini akanitazama vizuri. Kisha akanionyesha rundo la mabanzi ya mtiki, yale mapande ya pembeni yenye maganda yanayobaki gogo likishapasuliwa. Mitiki hiyo ni ya msitu wa kupandwa wa Longuza, Muheza. Kwa bei ya mabanzi nimepata mbao ambazo Hamburg singethubutu hata kuuliza bei yake. Mzee alinifundisha jambo ambalo paleti za msindano hazikunifundisha: mtiki una mafuta, gundi haiushiki vyema. Kwanza futa sehemu ya kuungia kwa kitambaa chenye tinna, isubiri ikauke, ndipo upake gundi bila kuchelewa. Na skrubu ziwe za shaba. Upepo wa bahari hapa hula chuma cha kawaida, na kutu huacha doa jeusi kwenye mbao.

Kitanda nilikitaka kifunguke. Nilimchorea bolti zangu za Ujerumani, akatikisa kichwa, akachukua penseli akachora ulimi mrefu unaopenya tundu na kutokeza upande wa pili, wenye kitundu chake cha kupigia kabari. Hakuna gundi, hakuna chuma. Ukitaka kuhama, unagonga kabari nne kwa nyundo na kitanda kinalala chini kama kuni. Niliupasua ulimi wa kwanza kwa pupa ya patasi. Wa pili alinishika mkono. Siku ya tatu kitanda kilisimama, na mzee akakikalia mwenyewe, akajitingisha mara mbili kusikiliza kama kinalia. Hakikulia.

Viti nimetengeneza kwa tairi. Vijana wa kuziba pancha wanayo mengi yasiyo na kazi, nami nililipa elfu mbili kwa kila moja. Lioshe kwa sabuni na brashi, lianike mpaka likauke kabisa, kata plaiwudi ya mviringo juu na chini, funga kwa skrubu. Kisha anza kuzungusha kamba ya katani kutoka katikati ya juu kwenda nje, ukipaka gundi ya viatu kidogo kidogo. Nunua kamba ya kutosha tangu mwanzo. Tairi lenye upana wa sentimita 60 na kimo cha 20 linakula karibu mita 65 za kamba yenye unene wa sentimita moja. Wengi hununua mita 20, wakaishia katikati, na roli inayofuata ikaja na rangi tofauti. Kamba iwe kavu. Na kiti hicho kikae ndani au kibarazani penye paa, kwa sababu katani ikinyeshewa mara kwa mara huota ukungu.

Mwenye nyumba hataki misumari ukutani. Pazia nimelitundika kwenye mwanzi uliolala juu ya miguu miwili ya kusimama, na pazia lenyewe ni doti ya kanga ya Mama ya zamani, iliyofifia, yenye maneno *Nyumba njema si mlango*. Taa ya chumbani ni kawa la ukindu, lile la kufunikia chakula, nililoligeuza na kulitoboa katikati. Balbu ni ya LED, ile isiyopata moto sana, vinginevyo msijaribu.

Shangazi alikuja wiki iliyopita. Alikaa kwenye tairi, akapapasa kamba, akatazama kitanda, akatazama pazia. Kisha akauliza kwa upole, "Basi mwanangu, miaka yote ile Ujerumani hukupata kitu?"

Iliniuma. Nilimweleza habari ya sanduku na mchuzi, ambayo sikuwahi kumweleza mtu wa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika goti. Bado anaona ninunue sofa, na amemwambia hivyo kaka. Simlaumu. Tumekuwa tukiwatumia picha tukiwa tumeegemea magari ya watu, wangejuaje?

Lakini Mama ndiye aliyenishangaza. Daktari amesema akae kwenye kiti cha kimo cha kutosha, asiinamishe nyonga, na atembee kidogo kila siku. Kukaa kulikuwa kunamchosha roho kuliko maumivu. Nilipomsimulia habari ya kawa, akaomba nimletee ukindu. Hakushika ukili tangu nikiwa darasa la tano. Siku ya kwanza chane zilimkatikia, akakasirika, akaziweka pembeni. Siku ya pili vidole vikakumbuka. Sasa ukili unashuka kutoka mapajani mwake, mwembamba, wa rangi ya asili na mistari ya zambarau, unajikunja sakafuni kwenye rundo, na wajukuu wamekatazwa kuurukia. Wifi ndiye anayeushona uwe mkeka, ili Mama asiiname.

Kwanza nilidhani mkeka ni wa hapa Chumbageni. Juzi akaniuliza, "Kule kwako, kutoka kitandani mpaka dirishani ni dhiraa ngapi?"

Nilimwambia sentimita 180. Akaniangalia tu. Nikanyoosha mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, nikahesabu hewani mbele yake: dhiraa nne kasoro kidogo.

"Na upana?"

"Tatu, Mama."

"Ndege itakubali?"

Ukikunjwa utaingia, nikamwambia, nguo nitaziacha. Akamgeukia wifi, akamwonyesha mahali pa kupitisha sindano. Wameshashona upana wa dhiraa moja na nusu.